Mlango wa Data Zetu: Hotuba kwa Makarani wa Fukwe na Vijana wa Programu, Malindi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote mliofika. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya maktaba za programu huria zinazotumika kujenga huduma za data kwenye wavuti na kuzitumia huduma hizo. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu chumbani humu wamo watu wa namna mbili ambao ni nadra kukutana: vijana wanaoandika msimbo, na makarani wa vikundi vya usimamizi wa fukwe ambao kila siku ya Mungu huandika daftarini ni kilo ngapi za samaki zimeshushwa, kwa chombo gani, kwa jarife au mshipi au dema. Ninyi makarani ndio wenye data. Ninyi vijana ndio mtakaoijengea data hiyo mlango. Nitasema na nyote kwa pamoja, wala sitatenga sehemu ya wataalamu na sehemu ya wengine.

Nitaanza na jambo lililotokea karibu sana na hapa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kilirushwa chombo cha Marekani kilichokuwa cha kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksrei itokayo angani. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru, chombo kile kiliitwa Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya anga hadi leo. Kilifanya kazi mpaka mwaka 1973, na mwaka 1979 kilirudi kwenye angahewa kikateketea. Lakini kile kilichokiona hakikuteketea. Orodha ya nne ya Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya miale hiyo, na orodha hiyo imehifadhiwa katika hazina ya data ya NASA iitwayo HEASARC. Kijana aliyeketi hapa Malindi, akiwa na kompyuta ya kawaida, lugha ya Python na maktaba huria iitwayo Astroquery, ataandika mistari michache, ataiuliza hazina ile, na jedwali lote litamjia. Hahitaji kibali cha mtu wala kumpigia mtu simu, na wala haimlazimu kununua programu ya kampuni fulani ili afungue faili. Chombo kiliondoka Ngomeni zaidi ya miaka 50 iliyopita, na data yake ingali inapatikana Ngomeni.

Sasa niwaeleze habari ya pili, ambayo ilinifika mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki katika kazi ya kuingiza kumbukumbu za samaki kwenye kompyuta. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilileta programu ya simu na seva yake, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri: karani aliandika, grafu ikaonekana. Hakuna aliyeuliza data inakaa wapi wala inatolewaje. Mkataba ulipomalizika seva ilizimwa, na tulichobakia nacho kilikuwa ripoti chache za kuchapishwa, zenye jumla za kila mwezi bila ya mstari hata mmoja wa ushushaji wenyewe. Tulirudi kwenye madaftari. Yalikuwa yamekolea chumvi na kurasa zake zimegandana, lakini yalisomeka. Data ya anga ya mwaka 1970 ilikuwa mkononi mwetu, na data ya samaki wa msimu uliopita tulikuwa tumeipoteza. Tangu siku ile sijaweza kuutazama mfumo wowote wa kompyuta bila ya kuuliza kwanza juu ya mlango wake.

Na kwa mlango nakusudia hivi. Huduma ya data ya wavuti ni programu inayokaa kwenye seva na kungoja kuulizwa. Programu nyingine, iwe kwenye simu au kwenye lahajedwali la ofisini, hutuma ombi kwa itifaki ileile ya HTTP ambayo kivinjari hutumia kufungua tovuti, na hurudishiwa data tupu isiyo na mapambo ya ukurasa, mara nyingi katika muundo wa JSON ambao mtu na mashine wote wanaweza kuusoma. Mwaka 2000 Roy Fielding, katika tasnifu yake ya uzamivu, alieleza mtindo wa kujenga huduma hizi uitwao REST, na kiini chake ni kwamba kila kitu kiwe na anwani yake, na vitendo juu yake viwe vilevile vichache vinavyojulikana na wote: kusoma, kuweka, kubadilisha, kufuta. Ushushaji mmoja wa samaki ni kitu kimoja chenye anwani moja. Bandari ya kushushia ya Mayungu ina anwani yake, na ushushaji wote wa Mayungu una anwani yake.

Lakini mtindo si mkataba. Wajenzi wawili wanaweza wote kufuata REST, mmoja akaita safu yake "tarehe" na mwingine "siku", mmoja akaruhusu kuuliza kwa bandari na mwingine asiruhusu. Ndiyo maana vikatokea viwango vinavyoyaandika makubaliano ya mlangoni hadi mwisho. Kimoja ni OData, kilichoanzia Microsoft, kikakabidhiwa kwa shirika la viwango la OASIS, toleo lake la 4.0 likapitishwa mwaka 2014, na mwaka 2016 kikawa pia kiwango cha kimataifa chini ya namba ISO/IEC 20802. Ninakitaja si kwa sababu ni peke yake, maana kuna OpenAPI na kuna GraphQL, bali kwa sababu swali lake linasomeka hata na asiye mtaalamu. Mtu akitaka ushushaji wa Ngomeni tu, huandika kwenye anwani $filter=bandari eq 'Ngomeni'. Akitaka safu mbili tu, hutumia $select, na akitaka kupanga kwa uzito, hutumia $orderby. Tena seva yenyewe, ikiulizwa anwani yake ya $metadata, hujieleza ina majedwali gani, safu gani, na kila safu ni namba au maandishi au tarehe. Anayekuja baada yetu hana haja ya kumtafuta aliyeijenga.

Kuandika yote hayo kwa mkono, kuanzia kuchambua anwani hadi kurudisha jibu lililo sahihi, ni kazi ya miezi. Hapo ndipo maktaba zinapoingia. Maktaba ya programu, kwa wale ambao neno hili kwao ni la vitabu, ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambao mtu huuingiza katika programu yake kama fundi wa mashua anavyonunua misumari iliyokwisha kufuliwa. Kwa upande wa Java, Apache Olingo, iliyokuwa mradi kamili wa shirika la Apache mwaka 2014, inakupa pande zote mbili za OData, upande wa seva na upande wa mteja, yaani programu inayouliza. Kwa Python ziko Flask ya mwaka 2010 na FastAPI ya mwaka 2018 kwa kujenga huduma, na iko Requests kwa kuziita. Na zote ni huria: msimbo chanzo uko wazi, na leseni inamruhusu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Zisomeni leseni, vijana wangu. Ya MIT na ya Apache hukuachia nafasi pana, na ya GPL hukutaka, ukisambaza ulichokijenga juu yake, ukisambaze kwa uhuru uleule ulioupokea.

Maktaba hizi hazikushuka mbinguni. Daniel Stenberg wa Uswidi alitaka programu ndogo ya kuchota viwango vya kubadilisha fedha kutoka kwenye wavuti, jambo ambalo wenzetu wa maduka ya fedha hapa mjini wanalijua vizuri. Alichukua programu fupi iliyoandikwa na Rafael Sagula wa Brazil, akaiendeleza, na mwaka 1998 ikapewa jina la curl. Leo curl na maktaba yake ya libcurl zimo ndani ya simu, magari na televisheni dunia nzima. Ilianza kwa haja ya mtu mmoja iliyokuwa bayana, na haja zetu hapa Malindi ni bayana vilevile.

Basi tulipoamua kujenga upya, tulianza na huduma ndogo kwa Flask, na nataka kuwaeleza tulikojikwaa, maana pale ndipo tulipojifunza maktaba inafanya nini na haifanyi nini.

Kwanza ni suala la kurasa. Huduma nyingi hazirudishi rekodi zote kwa mpigo mmoja, kwa sababu seva ingelemewa. Hurudisha fungu, pengine rekodi 100, na ndani ya jibu huweka kiungo cha fungu linalofuata, ambacho katika OData huitwa @odata.nextLink. Programu ya kusoma inapaswa kukifuata kiungo hicho, na kingine, na kingine, mpaka kisiwepo tena. Mimi sikukifuata. Nilichukua fungu la kwanza, nikajumlisha, nikaandika ripoti ya msimu wa Kaskazi na kuisoma mbele ya wazee. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba hesabu ile ni ya wiki mbili, si ya msimu mzima. Alikuwa sahihi, na hakuhitaji kompyuta kuliona hilo. Hakuna kosa lolote lililotokea kwenye skrini. Seva ilijibu 200, maana yake ombi limekubaliwa, nami nikadhani 200 ina maana kwamba nimepata kila kitu. Tangu wakati huo ninaomba pia $count=true, ambayo huifanya seva itaje idadi kamili ya rekodi, na programu yangu hukataa kutoa ripoti ikiwa ilizozipokea hazilingani na zilizotajwa.

Pili ni mtandao wetu. Mnajua ninyi mlioko Ngomeni jinsi mawasiliano yanavyokuja na kuondoka. Karani anabonyeza kutuma, ombi linafika kwenye seva, seva inaandika kilo 42 za nguru, lakini jibu linapotea njiani. Simu haijui kwamba ombi limefika, hivyo inatuma tena, na seva inaandika nguru wengine kilo 42. Maktaba za kutuma maombi huweza kupangwa zijaribu tena zenyewe pale mawasiliano yanapokatika, na ni jambo jema, ila kwa ombi la aina ya POST, ambalo maana yake ni "ongeza kipya", kujaribu tena ni kuandika mara mbili. Kuna bandari moja iliyoonekana kuvua maradufu kwa mwezi mzima, na sababu haikuwa samaki bali ubovu wa mawasiliano.

Dawa yake ni nyepesi, na mtu akiielewa haiachi tena. Kitambulisho cha ushushaji kisitolewe na seva, kitolewe na simu ya karani palepale anapoanza kuandika, kikiwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu usiotarajiwa kurudiwa popote. Kisha ombi liwe la aina ya PUT kwenye anwani yenye kitambulisho hicho, ambalo maana yake ni "katika anwani hii pawe na hiki". Likifika mara moja au mara tano, matokeo ni yaleyale: nguru kilo 42, mara moja. Maktaba zote nilizozitaja zinajua PUT na zinajua POST, lakini hakuna hata moja itakayokuambia lipi linafaa pwani ambako ishara ya simu hupotea kila baada ya dakika kumi.

Tatu ni neno ng'onda. Samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani ana daftari lake, na mtu akataka kuuliza rekodi zake. Aliandika aina eq 'ng'onda', na huduma ikaanguka, kwa sababu ritifaa iliyo katikati ya neno ilihesabiwa kuwa ndiyo mwisho wa maandishi. Kanuni ya OData iko wazi: ritifaa ya ndani huandikwa mara mbili, 'ng''onda', na maktaba nzuri ya mteja hufanya hivyo yenyewe ukiipa thamani badala ya kuunganisha maandishi kwa mkono. Kwa upande wa hifadhidata ni hatari zaidi, maana palepale ambapo ng'onda huivunja amri, mtu mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza amri yake. Kila maktaba ya hifadhidata inayostahili jina hilo ina njia ya kupitisha thamani kando ya amri. Itumieni siku zote. Wenye lugha zisizo na ng' wanaweza kuishi miaka mingi bila kuliona kosa hili. Sisi tutaliona siku ya kwanza, na hiyo ni kheri yetu.

La nne ndilo lililonisumbua kuliko yote, nalo ni saa.

Karani anaandika: mashua imeshusha saa 1:30. Kwa kila mtu aliyemo humu hiyo ni saa moja na nusu asubuhi, jua limeshapanda, mnada unaanza. Kwa maktaba ya tarehe, iwe ya Python, ya Java au ya JavaScript, hiyo ni 01:30, yaani saa saba na nusu usiku. Tulipochora grafu ya kwanza ilionyesha kwamba wavuvi wa Malindi wanashusha samaki usiku wa manane na kwamba asubuhi hakuna kitu. Mgeni asiyejua angeandika makala nzima juu ya uvuvi wa usiku uliofichika. Mtu atasema tuongeze saa 6 tu. Lakini saa 8 ya mchana ni 14:00, na saa 8 ya usiku ni 02:00. Bila ya neno "mchana" au "usiku" hakuna hesabu inayoweza kujua. Kwa hiyo fomu ya simu ililazimika kumtaka karani achague alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, maneno anayoyatumia kila siku, kisha programu ikafanya hesabu na kuhifadhi kwa muundo wa kimataifa wa ISO 8601, kwa mfano 2024-02-09T07:30:00+03:00, ambapo ile +03:00 ya mwisho ndiyo majira ya Kenya. Karani hauoni muundo ule kamwe. Anachoandika ni saa moja na nusu asubuhi, na anachosomewa ni saa moja na nusu asubuhi.

Tulidhani tumemaliza, kumbe ilibaki siku yenyewe. Tarehe 9 Februari 2024 ilikuwa Ijumaa. Mzee akisema chombo kilirudi usiku wa Ijumaa, saa tatu, kwa hesabu ya wengi wa pwani siku huanza jua linapokuchwa, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya ofisini inauita Alhamisi tarehe 8, saa 21:00. Karani kijana aliyesomea mahesabu ya ofisi akiandika maneno yaleyale anaweza kukusudia usiku unaofuata. Hakuna maktaba niliyoiona inayolijua hili, wala sitarajii fundi aliyeko Ulaya alikisie. Tulikaa na makarani, tukakubaliana kwamba kwa usiku fomu itaonyesha maneno kamili, "usiku wa kuamkia Ijumaa", ili kila mtu aelewe kitu kimoja. Msimbo wa hesabu hiyo si mrefu. Tumeuandika kama maktaba ndogo ya peke yake, ina majaribio yake, ina maelezo kwa Kiswahili, na leseni yake ni ya MIT. Mwenye kujenga huduma ya matatu, ya zahanati au ya nyakati za kivuko kule Lamu atakutana na saa hiihii, na sitaki aanze upya.

Hapa niseme wazi ninachokiamini. Maktaba huria inayafahamu makubaliano ya dunia: HTTP, JSON, kurasa, namba za majibu. Haizijui desturi zetu, na hilo si kosa lake. Kosa litakuwa letu tukizificha desturi hizo ndani ya programu moja ya mtu mmoja. Zikiandikwa wazi katika mkataba wa mlango na katika maktaba inayosomeka, zitaishi hata kama mimi na ninyi hatupo.

Kuna wazee walioniuliza jana, kabla ya kikao hiki, swali ambalo lina uzito kuliko mambo yote ya msimbo. Waliuliza: mlango ukiwa wazi, si kila mtu atajua tunapovulia? Msimbo kuwa huria hakumaanishi kwamba data iwe wazi kwa kila mtu. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya. Programu iliyo wazi kabisa inaweza kulinda rekodi zilizofungwa kabisa, na kwa kuwa msimbo unasomeka, mwenye mashaka anaweza kuhakikisha kwamba zimefungwa kweli. Jina la mvuvi na namba yake ya simu ni taarifa binafsi, na sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inazilinda. Kituo cha uvuvi, yaani mwamba au bonde ambalo ukoo umelijua vizazi na vizazi, hakina sababu ya kuingia kwenye huduma ya umma. Kinachotolewa nje ni bandari, siku, aina, uzito na zana. Msitegemee $select kuficha safu, maana $select ni hiari ya anayeuliza. Safu isiyotakiwa kuonekana isiwepo kabisa katika kile ambacho seva inakitoa kwa umma, na iwe na mlango mwingine wenye ufunguo.

Juu ya utunzaji nitakuwa mfupi. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kwenye npm, ghala la maktaba za lugha ya JavaScript, maktaba ya mistari 11 iitwayo left-pad, na miradi mingi mikubwa ikashindwa kujengwa, kwa kuwa ilikuwa imeitegemea bila hata kujua. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mashine kwa mbali kunachelewa kiasi cha nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umetiwa ndani ya xz, maktaba ya kubana data iliyokuwa ikitunzwa hasa na mtu mmoja wa kujitolea. Kwa hiyo andikeni orodha ya kila maktaba mnayoitumia pamoja na toleo lake, wekeni nakala, fuatilieni masasisho ya usalama, na msiingize maktaba kwa kazi ambayo mistari mitano ingeitosha. Na mkiweza kumsaidia anayeitunza, hata kwa kuripoti kosa vizuri, fanyeni hivyo. Ripoti yenye toleo, ombi lililotumwa na jibu lililopokelewa ni msaada mkubwa kuliko pongezi.

Wala si lazima kila kikundi kijenge cha kwake. ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, ni programu huria ya kukusanyia taarifa kwa simu hata pasipo na mtandao, na seva yake iitwayo Central hutoa data kwa OData. Maana yake ni kwamba ofisa mwenye Excel anaweza kuielekeza kwenye anwani ile na kuisoma, na mtafiti anayetumia lugha ya R anayo maktaba ya ruODK kwa kazi hiyohiyo. Kwa bandari nyingi ningeanza hapo, kisha niandike mwenyewe kile tu kilichobaki. Kwa upande wa kusoma data za wengine, iko Open-Meteo, ambayo msimbo wake ni huria na ambayo hutoa utabiri wa hali ya hewa na urefu wa mawimbi bila malipo kwa kazi isiyo ya biashara. Karani anayeandika kwamba vyombo havikutoka kwa sababu ya kusi kali anaweza kuwa na urefu wa wimbi wa siku ile kando ya maelezo yake.

Kompyuta ziko pale kwenye meza za nyuma, na kila moja ina Python pamoja na maktaba nilizozitaja, zimeshapakuliwa ili tusitegemee mtandao. Karani wa Mayungu amekuja na daftari lake la msimu wa Kaskazi. Naomba kila kijana aketi na karani mmoja: karani asome, kijana aandike, na kila saa itakayosomwa kijana aulize kwanza ni ya asubuhi au ya usiku, na kama ni ya usiku, ni usiku wa kuamkia siku gani. Tutaanza na ukurasa wa kwanza.